Nilimpima Mmoja Tu

Jumanne, 2 Septemba 2025

Kazi mpya. Si geti, si grili za dirisha — reli ya kushikia kwenye ngazi. Aliyenipigia simu anaitwa Mehul, yuko Nairobi. Mama yake anaishi hapa Kisumu, mjini kabisa, juu ya duka lao la zamani la vitambaa. Duka limefungwa tangu baba yao, Mzee Rasik, alipofariki miaka sita iliyopita. Mama ana miaka sabini na tisa, magoti yamekataa. Mehul anataka aweze kushuka aende kwa daktari.

Nilifika saa nne. Ngazi ni za simiti, vidato kumi na saba, ukuta huku na ukuta huku, katikati giza. Hakuna pa kushika. Mama Kusum alinipokea juu, ameketi. Hajakanyaga chini kwa miezi kumi na minne. Mara ya mwisho wanaume wanne walimbeba kwa kiti mpaka kwenye gari, na mtaa mzima ukasimama kutazama.

"Kama sofa," aliniambia. "Mimi sibebwi tena."

Nikampima mkono. Vidole vimepinda kwa ugonjwa wa viungo. Bomba nene tunalotumia kila mahali hawezi kulizungushia vidole. Nikaviringisha kamba kiganjani mwake, nikiongeza na kupunguza, mpaka akasema hapo. Nikatia alama. Leo nilijisikia fundi kweli.

Chai ililetwa na Milka. Amefanya kazi nyumba hii miaka arobaini na tano. Mwembamba, nywele nyeupe chini ya kitambaa. Maji hayapandi juu, kwa hivyo huyabeba kwa jerikeni kutoka mfereji wa uani. Nikiwa pale alipita safari sita. Nikamuuliza kama ngazi hazimsumbui.

"Mimi na hizi ngazi tunajuana, nyathina," akasema. Ananiita mtoto wake, na tumejuana saa moja tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Karakana, Kondele. Nimepata bomba jembamba, nimelivika mpira wa tyubu ya baiskeli lisiteleze. Naswa, seremala wa jirani, akauliza ni kitu gani. Nikamweleza. Akacheka, kisha akanieleza ya kwao. Babake yuko Kaloleni. Akioga hukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kujiegemeza kwenye beseni la maji.

Miaka kumi na tisa nikichomelea. Mageti, vitanda vya shule, bembea za watoto. Hakuna mtu amewahi kuniagiza kitu cha mzee. Na mimi sijawahi kuuliza.

Jumatatu, 8 Septemba

Reli imefungwa. Kazi safi — isipokuwa pale chini. Ukutani, karibu na kidato cha mwisho, kuna sanduku la mita ya stima. Kulizunguka kulitaka kukunja bomba na kurudi kesho. Nikaikata reli hapo, kidato kimoja kabla ya sakafu. Nikajiambia Mama Kusum akifika chini kutakuwa na mtu wa kumshika.

Alijaribu vidato viwili vya juu. Nilimfundisha kugeukia reli, mikono yote miwili, kushuka upandeupande. Alishika. Akasimama hapo kwenye kidato cha pili muda mrefu, akitazama chini kama mtu anayetazama barabara.

"Kesho tatu," akasema.

Milka alikuwa akipanda na jerikeni. Nikamwona anapitisha mkono kwenye reli, polepole, kama anayepima kitambaa.

"Hata mimi nitaitumia," akasema.

Nikasema itumie, Mama Milka, itumie.

Jumamosi, 13 Septemba

Milka ameanguka.

Simu iliingia saa tatu asubuhi. Mama Kusum mwenyewe, na hajawahi kunipigia. "Fundi, njoo. Milka yuko chini na mimi niko juu."

Nilipofika, watu wa bodaboda walikuwa wameshamtoa. Sakafu ya chini imelowa, jerikeni imelala ukutani, kiatu kimoja cha mpira. Mama Kusum alikuwa amekaa kidato cha juu kabisa, miguu imenyooka mbele, mikono miwili kwenye reli. Alikuwa amejaribu. Magoti yalikataa kwenye kidato cha tatu.

Akanieleza. Alisikia kishindo, akaita, Milka akajibu kwamba yupo lakini mguu hauko. Akaenda dirishani kupiga kelele, ila Jumamosi mtaa una kelele zake. Ilichukua karibu nusu saa mtu kusikia. Nusu saa nzima alikuwa akienda dirishani na kurudi kwenye ngazi, dirishani na kurudi. Na Milka chini alikuwa akimwambia asikimbie, ataanguka pia.

"Yeye amelala pale mfupa umevunjika, na ananiambia mimi nitembee polepole," alisema.

Niliangalia mahali. Nilijua kabla ya kuangalia. Maji yalianzia pale pale reli yangu inapoishia.

Jumapili, 14 Septemba

Hospitali, baada ya kanisa. Nyonga. Watampasua Jumanne.

Alifurahi kuniona, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akanieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini. Macho yake yana ukungu, mwaka wa tatu sasa. Hajamwambia mtu. Akisema haoni, wataona amezeeka, na mfanyakazi aliyezeeka hurudishwa kwao. Kwa hivyo ngazi alikuwa akizihesabu. Kumi na saba kupanda, kumi na saba kushuka, kila siku, na jerikeni.

"Halafu ukaleta ile chuma," akasema. "Nilifurahi, nyathina. Nikaacha kuhesabu. Mkono ulipofika mwisho, nikajua nimefika sakafu."

Akagusa nyonga. "Kumbe bado."

Sikumwambia kwa nini niliikata pale. Nilitaka kumwambia. Nikamshikia kikombe cha uji badala yake.

Milka ana miaka sabini na moja. Nilipima kiganja cha mwanamke ambaye hakanyagi zile ngazi, kwa kamba, kwa uangalifu wote. Yule anayezipanda mchana kutwa nilimwona akipita na chai.

Jumatano, 17 Septemba

Upasuaji umekwenda vizuri. Daktari anasema atatembea, kwa fremu ya kutembelea, ila ngazi asahau.

Nikampigia Mehul nikamwambia ukweli. Reli ni yangu, niliikata fupi, ndiyo iliyomwangusha. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema si kosa langu, Milka amezeeka tu, na tayari amepanga. Milka akitoka hospitali, mwana wa dada yake, Ondiek, atampeleka kwao Nyakach. Mama atahamia Nairobi. Nyumba yao ina lifti.

Nikamuuliza kama wenyewe wanajua.

"Nitawaambia," akasema. Si mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Mchana nilirudi kwenye ngazi. Fundi wa stima amenisaidia kuhamisha lile sanduku la mita, nimeongeza reli ipite kidato cha mwisho kwa futi nzima na kuikunja chini, mkono uijue sakafu kabla ya mguu. Ilinichukua saa tatu. Saa tatu tu.

Mama Kusum alikuwa akinisikiliza kutoka juu. Nilipozima grainda akaangusha kitu — funguo, zimefungwa kwenye leso.

"Fungua duka," akasema. "Mehul amenipigia. Siendi Nairobi."

Shata ilikuwa na kutu, niliipiga nyundo. Ndani ni vumbi na rafu tupu, kaunta ndefu ya mbao, choo kidogo nyuma chenye kizingiti cha juu. Lakini sakafu yote ni sawa. Mfereji uko hatua kumi.

Nikampelekea habari. Akafunga macho akifikiri.

"Vitanda viwili," akasema. "Mpime na Milka pia."

Ijumaa, 19 Septemba

Nilienda wodini na tepu. Nikampima Milka kutoka kisigino hadi goti, ndiyo kimo cha kitanda chake. Kutoka sakafu hadi kifundo cha mkono, ndiyo reli ya choo. Upana wa fremu yake ya kutembelea. Macho yake pia — nilimwonyesha vipande vya rangi, akasema njano anaiona vizuri, nyeupe inapotea ukutani. Reli za choo zitakuwa njano.

"Unapima jeneza?" akauliza. Yule mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, na yeye pia, mpaka akashika nyonga.

Nikamwambia ni kitanda, dukani, chini, pamoja na Mama Kusum. Akaacha kucheka. Akasema Ondiek alikuja jana. Nyakach nyumba yake ilianguka mvua za mwaka jana, atalala kwa mke wa Ondiek, chumba kimoja na watoto. Choo ni cha shimo, kule nyuma ya migomba.

"Wewe unataka nini, Mama Milka?"

Alitazama dirishani. "Hilo swali limechelewa kidogo," akasema. "Lakini nataka pale."

Kisha nikamwambia kuhusu sanduku la mita. Yote. Akasikiliza, akanipapasa mkono mpaka akafika kwenye kucha zangu zilizoungua. "Umeirefusha?" Nikasema ndiyo. "Basi."

Si basi. Lakini ndivyo alivyosema.

Jumatatu, 22 Septemba

Siku tatu za kazi. Naswa amekata kaunta ya duka ikawa vitanda viwili, kimoja juu kuliko kingine kwa inchi tatu, maana miguu yao si sawa. Leo aliomba vipimo vya reli za choo, amtengenezee babake. Kizingiti nimekivunja. Nimejenga mteremko wa simiti mlangoni, wa polepole, wa fremu kupita.

Mehul alipiga simu saa nane. Ameambiwa na jirani. Nyumba iko kwa jina lake, anasema, na amepata mpangaji wa duka, muuza simu, anaingia mwezi ujao. Niache kazi leo.

Nikamwambia mama yake ndiye aliyenituma.

"Mama anahuzunika, Fundi. Mtu mwenye huzuni haamui vitu." Halafu kwa sauti nyingine: "Mimi ndiye mtoto wake. Akianguka usiku na hao wawili hawawezi kuinuana, utaniambia nini?"

Ni swali la haki. Nilikaa kwenye kile kitanda kilichoinuka zaidi, chaki mkononi. Kisha nikafunga reli ya pili ya choo. Ilikuwa imebaki skrubu nne.

Ijumaa, 26 Septemba

Kesho Milka anatoka. Ondiek ameazima gari, atampeleka Nyakach moja kwa moja. Milka ameomba wapitie mjini achukue nguo zake.

Nilimpelekea Mama Kusum habari. Nilidhani atampigia mwanawe. Hakupiga.

"Watapita saa ngapi?"

"Saa tano."

Akaniomba nije saa nne. Anataka kumpokea Milka chini mwenyewe, dukani.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika hapa hapa, kwenye ngazi, nyuma ya daftari la vipimo. Mama Kusum ameniambia nisimwangalie akipumzika, niangalie kitu kingine. Kwa hivyo naandika.

Tulianza saa nne na robo. Amevaa sari ya kijani, ameipandisha na kuibana ili asiikanyage. Anageukia reli, mikono miwili, mguu mmoja, kisha wa pili uufuate. Mimi niko vidato viwili chini yake, mgongo wangu kwenye ukuta. Simgusi. Ameniambia nikimgusa atarudi juu.

Cha tatu, kile kilichomshinda siku ile, alikaa nacho dakika nzima. Magoti yanalia kama mlango. Akakishuka.

Cha sita alipumzika. Cha nane akapumzika tena, akakaa.

Gari limefika. Nimelisikia, na sauti ya Ondiek mlangoni: "Hodi? Mama, tumekuja kuchukua mzigo wa Mama Milka." Akachungulia, akaona mwanamke wa miaka sabini na tisa amekaa katikati ya ngazi na fundi anaandika. Akavua kofia.

"Tutachelewa, Mama," akasema, kwa adabu.

"Ndiyo," Mama Kusum akasema. "Mtachelewa."

Simu yangu inatetemeka mfukoni. Nimeitoa, ni Mehul. Sijapokea. Mama Kusum ameona jina kwenye kioo, akageuza uso kwenye reli.

Ondiek bado amesimama pale chini. Naona ananitazama mimi, anataka nimwambie la kufanya. Mlango wa duka uko wazi nyuma yake, na mteremko wa simiti, na vitanda havijatandikwa. Ametazama ndani. Ametazama tena juu.

Bado vidato tisa. Miguu yake inatetemeka, naiona bila kuangalia.

"Mwambie afungue milango ya gari," Mama Kusum ananiambia. "Jua ni kali. Milka asichomeke akingoja."

Nimemwambia. Ondiek ameenda. Nimesikia injini ikizimwa, kisha mlango, kisha mlango wa pili. Mama Kusum ameshika reli na anajivuta asimame. Nafunga daftari.