Mashine na Sabuni Yako ya Tangawizi

Shikamoo, Mama. Marahaba najiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kuburuza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikoroga sabuni ya tangawizi jikoni kwetu Bombo, mimi nimeshika sufuria, wewe mwiko? Nikikuuliza kipimo unanijibu, "Tazama, usiulize." Nilitazama, Mama, ila makande yaliyokuwa yakichemka pembeni niliyatazama zaidi.

Ulipotutoka kilibaki kipande kimoja, chembamba kama biskuti. Baba alikifunga kwenye leso yako, akakataa kukiogea. "Kikiisha hiki, ndiyo basi tena," alisema. Kitindamimba wako Nakijwa alijaribu kutengeneza nyingine, ikatoka uji.

Sasa maabara ninakofanya kazi wameleta mashine ambayo ungeicheka. Ina mkono wa chuma unaojaza vichupa, unapasha moto, unakoroga na kupima. Kisha mashine yenyewe inaamua jaribio linalofuata lipunguziwe magadi ya kostiki au liongezewe joto. Niliomba ruhusa niipe kazi ya kutengeneza sabuni yako. Niliiagiza itafute ugumu na povu, ikavipata vyote viwili. Nilipopata likizo nikapanda mlimani kwetu na miche yangu ya sabuni, natamba kweli kweli.

Baba aliinawia mikono. "Ina povu zuri, mwanangu. Ahsante." Halafu akaenda kuoga na sabuni ya kufulia. Nililia, Mama, wala sikujificha.

Nakijwa aliichukua, akainusa, akatazama juu. "Dada, kwani Mama alikuwa anaikaushia wapi?"

Juu ya uchaga! Juu ya moto wa kuni, makande yakichemka chini yake siku nzima. Siku hizi tunapikia gesi, na uchaga umejaa ndoo kuukuu. Moshi sikuutaja kwa mashine, nayo jiko letu hailijui.

Tulishusha ndoo, tukawasha kuni, tukaipanga miche huko juu, ikakaa mpaka likizo yangu ikakaribia kwisha. Nilikukumbuka siku zile kuliko hata siku ya mazishi. Nakijwa alipika makande, nami safari hii nilitazama moto.

Baba alipoiogea alitoka bafuni akinusa viganja, akaketi mlangoni. Baadaye akaifungua leso yako, akachukua kile kipande cha mwisho, akarudi bafuni.

Asubuhi, nilipokuwa nashuka kwenda Same kupanda basi, niliikuta leso yako imefuliwa, imeanikwa kambani.

Pumzika, Mama. Baba anaoga vizuri.

Kifunguamimba wako