Sola ya Esta Juu ya Bati Langu

Busawe, Serengeti
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Akech,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Migori, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako limepunguza kelele. Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha na mahindi yamefika kiunoni. Ningekupigia simu, lakini nikiongea hapa mji mzima unasikia, na haya si ya kusikiwa na Esta. Jirani yetu Gidion anavuka mpaka wa Sirari wiki hii, nimempa akuletee.

Najua unaningoja. Tulikubaliana nihamie kwako baada ya mavuno, maana tangu tumzike mume wetu Waitara, mimi na mke mwenzangu Esta hatusemezani. Nyumba mbili, uwanja mmoja, na salamu hakuna. Nimechoka, dada.

Sasa Kornelio, mtoto wa kwanza wa Esta, alimnunulia mama yake sola, akatuletea fundi kutoka Mugumu, anaitwa Hamim. Nilidhani fundi wa sola anakuja, anapigilia, anaondoka. Wapi! Huyu alianza na maswali: giza likiingia unafanya kazi gani, unataka taa vyumba vipi, una redio, simu za nani zitachajiwa hapa. Alikuja asubuhi, akarudi tena alasiri kuangalia kivuli kinaangukia wapi. Na kwa kuwa hatusemezani, alinihoji mimi, akavuka uwanja kumhoji Esta, akarudi kwangu na majibu, jasho linamtoka. Nilimwonea huruma, nikampa uji.

Mwishowe akatuambia bati la Esta limefunikwa na kivuli cha miti ya migrevilea, hivyo paneli ikae kwangu. Esta alifoka mpaka kuku wakakimbia. Akauliza tangu lini mwanga ukaanzia kwa mke mdogo. Mimi nami nikajibu kwamba basi isiwekwe kabisa, tumezoea koroboi. Hamim akangoja tupoe, akasema paneli itakaa kwangu lakini betri itakaa kwa Esta, umeme uanzie kwake ndipo uje kwangu. Ila hatagusa waya mpaka sisi wawili tukae chini tukubaliane nani anawasha nini, kwa sababu betri haijui mke mkubwa wala mdogo. Mmoja akizidisha, wote tunalala gizani.

Basi Esta akaingia kwangu, mara ya kwanza tangu matanga. Tuligawana taa kwa ugomvi, lakini angalau tuligombana kwa midomo yetu wenyewe. Tangu hapo kila jioni inanibidi niende kwake kutazama kama betri imejaa, naye hawezi kuniacha nimesimama mlangoni. Ananipa kiti.

Hata hivyo safari yangu ilikuwa palepale. Juzi Hamim aliporudi kukagua kazi yake, nilimvuta pembeni nikamwomba aihamishie paneli kwenye mlingoti uwanjani, ili nikiondoka nimwachie Esta mwanga wake. Akanishangaa. Akasema mlingoti ndio ushauri aliompa Esta kwanza kabisa, na Esta akaukataa. Alimwomba aiweke kwangu, kwa sababu alikuwa amesikia nataka kuhamia Migori, na labda nikiwa na kitu chake juu ya paa nitashindwa kuondoka. Zile kelele zote zilikuwa za kuficha. Kisha Hamim akajishika mdomo, maana alikuwa ameapa kutoniambia.

Dada, nililia. Mimi nilidhani yule mwanamke anahesabu siku za kuniona nikitoka.

Sitakuja Migori. Kile chumba mpe mwingine, na tafadhali usininunie. Esta sijamwambia kwamba najua, nawe ukija kututembelea ufunge mdomo. Mwache aendelee kunigombeza kuhusu bati. Vyombo nilivyokuwa nimefunga kwa safari nilivifungua jana, nikaviosha nje. Aliniona. Akaja na kitambaa, akaketi, akaanza kuvifuta kimoja kimoja, wala hakuniuliza vilikuwa vimefungwa kwa nini.

Msalimie shemeji na watoto wote, na jirani yako wa maziwa. Mungu akulindie goti.

Ni mimi mdogo wako,
Felistas