Alpaka wa Nayda Wamebaki Mdomoni Mwangu

Mpendwa mshauri Mama Eufrasia, naomba msaada kabla mwezi huu haujaisha, na jina langu litaje tu redioni, majirani wameshajua, asiyejua ni mmoja.

Mimi ni Saturnina, mfugaji wa alpaka, wanyama wetu wa sufi, huku juu milimani Carabaya, na binti yangu Nayda aliponyolewa nywele za kwanza mlezi wake wa ubatizo alikata shungi akampa alpaka jike mweupe, na unajua kwetu jike huyo na wote watakaotoka tumboni mwake ni mali ya mtoto, si ya baba wala mama, wakazaana mpaka wakafika thelathini na mmoja, na Nayda alipokwenda Arequipa kushona nguo kiwandani akaniachia niwachunge. Sasa barafu ya mlima imekwisha, kinamasi tulichokuwa tunalishia kimekauka kikapasuka kama kisigino changu, mvua ya Desemba ikaja Februari, ndama wakafa, mume wangu Leoncio akasema, "Mama Nayda, majani hayatoshi, wengine wauzwe," nikamuuliza wa nani, akasema, "Wa aliye mbali. Mwanetu Wilber yuko hapa, atanuna akiona wake wanaondoka. Nayda ataona nini?" nami, Mungu anisamehe, nikamshikia kamba. Mnunuzi akawachukua wa Nayda wote kwa bei ya nyama, na pesa ikaishia kwenye majani makavu ya waliobaki.

Mwaka wa pili huu, na kila Jumapili Nayda ananiuliza kwenye simu, "Mama, wanangu hawajambo?" nami namwambia hawajambo, wamenenepa, yule mweusi kazaa. Juzi akasema, "Mama, mji umetuchosha, mimi na mwenzangu Edwin tunaaga kazi mwisho wa mwezi, tunakuja kuanza maisha na alpaka wangu," na mimi nikasema, "Njoo, mwanangu." Nilisemaje njoo? Leoncio anataka tumwambie kwamba baridi imewaua wiki hii. Silali, Mama, nakonda, nifanyeje?

JIBU

Saturnina, pole, na hii pole inatoka moyoni. Nimezaliwa huko huko, niliondoka mlima ukiwa mweupe, sasa nikirudi naukuta mwamba mtupu na nalia kama mjinga barabarani. Hukuikausha wewe ile barafu.

Lakini tuambiane ukweli. Ukame ulitaka alpaka, haukumtaja Nayda. Mliomtaja ni ninyi, kwa kuwa hayupo na kwa kuwa ni msichana, wala usinibishie, maana wanyama wa Wilber mpaka leo wanatafuna majani yaliyonunuliwa kwa mali ya dada yake. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio, na Leoncio ningemvuta yote mawili.

Hiyo hadithi ya baridi mwambie aimeze mwenyewe. Nayda ni mtoto wa mfugaji, atauliza ngozi ziko wapi. Halafu utakuwa umemwibia mara mbili, mara ya kwanza alpaka, mara ya pili kazi yake. Maana kwa sasa huyo binti ana kitu kimoja tu mkononi, nacho ni ule mshahara, na wewe umemwambia autupe aje.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Kesho asubuhi panda mpaka penye mtandao umpigie. Mwambie asiage, na kama ameshaaga, aende siku hiyo hiyo akaombe kurudi. Sema "tuliwauza." Usiseme walikufa, wala usiseme "baba yako aliwauza." Ukishuka, kaa na Leoncio na Wilber mgawe waliobaki sawasawa kati ya ndugu hao wawili, na Nayda apate majike wazima, si vikongwe. Watakuwa wachache, hawatamlisha, lakini watakuwa wake.

Atalia. Pengine atakutamkia maneno ambayo mama haombi kuyasikia. Yasikilize yote, na usije ukakata simu ukasingizia mtandao.