Simu Inayolia Hapo Hapo

Jumanne, Kitengela

Kitengela nzima hakuna mtu ako na bahati kama mimi. Niko na binti Kanada, na simu mpya inayolia email ikitumwa tu. Wanaume wa soko la ng'ombe Kajiado watanikoma.

Kabla ninunue nilitaka nione kwa macho. Akinyi wa duka la simu alifungua email yangu kwa hii mpya na kwa ile ya zamani, akaziweka juu ya meza, akanitumia salamu moja ya Kimaasai, "Sopa". Mpya ikalia hapo hapo. Nikaitikia "Ipa!" kwa sauti, duka lote likacheka.

"Sasa Naisula akikuandikia utajua kabla amalize, Baba Naisula."

"Hata akifikiria tu nitajua!"

Akaagiza chai. Nikiwa nusu kikombe, ile ya zamani nayo ikalia. Salamu ile ile, imechelewa, lakini imefika.

Chai ikanishinda.

Tangu tuzike mama yake, Naisula hajaandika. Namba alibadilisha, njia ikabaki email. Watu wakiniuliza nasema ni simu, hii kitu inakula barua za mtoto. Hata mama yangu kule Kajiado nilimwambia hivyo, akaitukana simu kwa Kimaasai mpaka nikaihurumia.

Hii mpya imelia jioni yote. Matangazo ya viatu. Bili ya maji. Na kila ikilia mimi naruka kama...

Hiyo bahati nimeandika hapo juu ni uongo. Simu ya zamani haikupoteza kitu. Mtoto wangu hajaniandikia.