Ncha ya Upande wa Moto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikitumaini kifua kimekuachia, na kwamba wifi naye amepumzika kidogo, maana tangu mapacha wenu waje kwetu likizo hii, nyumba yenu bila shaka imepata amani ambayo yetu imeipoteza. Hawajambo kabisa. Wanakula, wanachafuka, wanagombania dirisha. Sikupiga simu kwa sababu chumba changu na karakana vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na masikio ya mama bado mazima. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujashika kichwa.

Wenye vitreni vidogo vya mvuke vya kupandisha watoto bado wanamletea mama oda za supahita, na mimi namsaidia kukata na kupinda mabomba. Wewe ulikimbilia ofisini mapema, kwa hiyo nikueleze. Mvuke ukitoka kwenye boila huwa bado una majimaji. Supahita ni yale mabomba membamba yanayoupitisha tena motoni, uende, ugeuke, urudi ukiwa mkavu na mkali, ndipo uingie kwenye silinda. Pale unapogeukia, kwenye ncha ya upande wa moto, mama ana amri moja: unachomelea chuma kwa chuma, hutumii lehemu ya fedha hata ubanwe vipi. Treni ikisimama na valvu ya kupitisha mvuke ikifungwa, mabomba hubaki matupu motoni, yakawa mekundu, na lehemu ikayeyuka. Dereva akifungua valvu tu, mvuke unafumukia ndani ya tanuri na moto wote unatokea mlangoni, mapajani mwake. Nyuma yake wamekaa watoto. Mimi mwenyewe mama aliwahi kunifokea mbele ya wateja kwa kumsogezea tu kijiti cha lehemu alipokuwa kwenye kazi hiyo.

Sasa sikia. Jumamosi asubuhi nilikuwa napima seti mpya aliyoimaliza mama. Nilijaza maji, nikapiga pampu ya mkono, na mshale wa geji ukatulia palepale, maana hakuna kilichovuja. Nilipokuwa naifuta ili niifungashe, nikaona kwenye ncha moja mstari mwembamba wa manjano mpauko, si rangi ya chuma. Nikaukwangua kwa tupa. Lehemu ya fedha, kaka, na ncha zote zilikuwa hivyo. Maji baridi hayawezi kukuambia hilo, kwani lehemu hushika vizuri tu mpaka ikutane na moto.

Seti ile ilikuwa mezani, haikuwa na neno. Nilichoogopa ni ile iliyotangulia, iliyofungwa juzi tu kwenye treni ya bustani ya watoto, na mapacha wako walikuwa wametoka na jirani saa hiyohiyo kwenda kuipanda.

Nilikimbia na aproni yangu. Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilipofika, treni ilikuwa imesimama, valvu imefungwa, moto unanguruma, na Dereva, yule mpiga soga unayemjua, anawasimulia watoto uongo wake huku mabomba yanaiva. Mapacha walikuwa behewa la kwanza, bila shaka. Wangekaa wapi tena! Nilimwambia asiguse valvu. Alicheka, akasema leo nimeamka na kiherehere changu. Nikamkamata mkono, nikamwambia watoto washuke na moto umwagwe wote chini. Wazazi walinung'unika, na mwanao mmoja alilia kwa aibu ya kuwa na shangazi kama mimi. Boila ilipopoa tukayachomoa mabomba. Ncha mbili zilikuwa zimeanza kuchuruzika na moja imeachia kabisa. Dereva alikaa chini kwenye nyasi, utani umemwisha, akaniuliza ni nani aliyeziunga. Nikasema ni mimi.

Nilirudi nyumbani nimejiandaa kugombana. Nilimwekea mama ncha ile mezani. Aliigeuza kwenye mwanga, akasikitika, akaniuliza kwa upole ni fundi gani aliyeharibu kazi namna hii. Akaitazama tena, akaona alama yake anayoigonga kwenye kila bomba, akakaa. Kisha aliniambia kwamba ni muda sasa, kuna wakati anajikuta amesimama na moto wa gesi mkononi na hajui amefika hatua gani, basi huendelea na chochote kilicho karibu ili nisigundue. Akaniambia anaogopa. Mama yetu huyu, kaka, anayeokota makaa kwa vidole! Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo, na tangu nilisikie silali vizuri.

Aliniapisha nisikuambie, kwa kuwa utamchukua ukamkalishe mbele ya televisheni. Nikaapa. Leo asubuhi tukinywa chai, aliweka kikombe chini, akasema kuna jambo zito anataka kunieleza, akaanza upya: ncha, gesi, woga. Akaniomba niape nisikuambie. Nikaapa tena, kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Basi navunja viapo vyote viwili. Njoo, lakini usije kumchukua. Njoo na nguo za kazi, umwambie ofisi imekuchosha na unataka akufundishe kuunda supahita tangu mwanzo. Atakusema kwa kuchelewa kwako, vumilia. Akikufundisha wewe, nami nitajifunza nikiwa kando, na hatakuwa peke yake na moto. Mimi nimejifunza kukata na kupinda tu. Kuchomelea ile ncha hakunifundisha; kila nilipomwomba alisema tuna wakati. Sasa siwezi kumwomba tena, kaka. Naogopa nitamkabidhi vifaa, na nitaona usoni mwake kwamba hajui.

Msalimie sana wifi. Mapacha wanawasalimu, na yule aliyelia ameshanisamehe. Mama naye anakusalimu. Hajui kwamba naandika, ila hakuna siku inayopita bila kukutaja.

Ni mimi mdogo wako,
karakanani kwa mama.