Sabuni ya Kuoshea Santuri

Mwisenge, Alhamisi

Na bado sijamwambia Bi Zuhura.

Bosi alitaka ofisi yetu ya utamaduni ihifadhi santuri zilizorekodiwa kwa umeme tu. Za zamani zaidi, zilizorekodiwa bila umeme, watu wakiimbia kwenye bomba la kunasa sauti, zitupwe. Za umeme zina alama ya pembetatu ndogo karibu na karatasi ya katikati. Alinipa mche wa sabuni: “Osha kwanza, ndipo uangalie.”

Sabuni niliipeleka nyumbani. Madukani hakuna, miezi sasa. Santuri nikazifuta kwa kitambaa kikavu.

Kwenye ile aliyoimba marehemu mume wa Bi Zuhura sikuona alama. Ikatupwa, ikavunjika.

Leo Bi Zuhura amekuja kwa miguu kutoka Kitaji. “Mwanangu, nimekuja kumsikia mzee wangu. Alikuwaga anakohoa katikati ya wimbo, usimcheke.”

Nikamwambia mashine ni mbovu, arudi Jumatatu.

“Haya, baba. Sauti si samaki, haiozi.”

Jioni nimeokota kipande chake cha katikati jalalani, nikakiosha kwa sabuni iliyobaki. Pembetatu ipo.

Siku hizi watu wanafungwa kwa sabuni ya serikali. Lakini siogopi hilo kama ninavyoiogopa Jumatatu.

Shati langu la kazini linaning’inia mlangoni, jeupe kabisa.