Upande Mnene wa Lenzi

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unanidunda kama nangoja majibu ya mtihani. Usicheke. Haya, cheka.

Kizunguzungu changu unakijua. Daktari wa masikio alisema kasoro iko kwenye sikio la ndani, lile linaloshika mizani ya mwili, na macho yangu yanaizidisha kwa kuvutana. Akanipa mazoezi, na akaandika miwani ya lenzi maalumu, yenye upande mnene na upande mwembamba, isaidie macho yapatane. Haiponyi sikio, alisema, inalipunguzia kazi tu.

Nani wa kuichonga ila Fundi wangu? Kwenye duka lao la miwani hakuna aliyewahi kutengeneza lenzi ya namna hiyo. Alimbembeleza bosi wake amwachie kazi hiyo, na akanivalisha kwa uangalifu kuliko siku aliponivisha pete. Wenzake walipiga makofi. Nikasema dunia imetulia. Nawe nilikuandikia hivyo hivyo, ukajibu kwamba umemwambia shangazi, naye anataka kuja kutengenezewa.

Dada, nilikudanganya. Dunia ilizidi kuyumba. Siku tisa nilitembea nikipapasa kuta, na kila asubuhi aliponiuliza kama sakafu imelala, nilijibu imelala fofofo. Ningemwambiaje, na uso ule uliojaa furaha?

Siku ya tisa nilipanda ngazi kazini kuteremsha jora la kitambaa. Ngazi ikanizunguka, jora likaniponyoka, likapita karibu kabisa na kichwa cha mteja aliyembeba mtoto mgongoni. Mtoto alicheka, akadhani ni mchezo. Mimi nilishindwa kushuka mpaka wakaja kunishika.

Jioni nilimweleza Fundi yote, yeye akipiga pasi. Akazima pasi, akachukua miwani, akaenda nayo dukani kuipima. Aliporudi alikaa karibu yangu, akasema taratibu, “Upande mnene ulipaswa kuwa chini. Nimeuweka juu.” Akaiweka miwani mezani. “Lakini mke wangu, mimi nimekosea mara moja. Wewe umekosea kila asubuhi.”

Nililia mpaka akanipa shati alilokuwa akilipiga pasi nifutie machozi.

Kesho yake aliwaambia mwenyewe bosi na wale waliopiga makofi. Lenzi ya pili aliipima bosi, na daktari akaikagua kabla sijaivaa. Wiki tatu sasa, natembea barabarani bila kushika ukuta. Nikigeuka ghafla bado nayumba, nami namwambia saa ile ile. Ngazi nimeiacha, nimeomba nihamishiwe meza ya kukatia vitambaa.

Kwa hiyo mwambie shangazi asije kwa sababu ya sifa zangu. Aanze kwa daktari. Na mwambie nilivyodanganya, usinifunike. Naona haya, lakini afadhali anicheke kuliko avae kitu kinachomwumiza na kunyamaza ili sisi tufurahi.

Wabusu watoto, msalimie shemeji sana. Fundi anawasalimu. Ameisoma barua hii yote, na hakuniruhusu kufuta kosa lake.

Mdogo wako akupendaye,
Mke wa Fundi